Mlima Uliozidi Kidole

Watu huniita Sindano, na si kwa sababu ya kazi yangu ya cherehani peke yake. Nina mdomo. Nikiguswa ninachoma, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Kwa hiyo siku daktari wa macho alipoanza kunieleza habari za baba kwa sauti ya chini, kana kwamba mzee hayupo pale kitini, nilimwambia aseme na mwenye macho, maana masikio yake ni mazima.

Daktari akageuka, akamweleza mwenyewe. Ni presha ya macho. Kilichokwisha kuondoka hakirudi. Dunia itazidi kuwa nyembamba kutoka pembeni, litabaki tundu la katikati, na tundu lenyewe litakuja kuzibika. Dawa itachelewesha, haitazuia. Baba akashukuru, akauliza kama ataumaliza mwaka akiwa anaona. Daktari akasema huenda, asipokosa dawa.

Tulipotoka nje, baba akasimama kwenye ngazi za hospitali, akaning'ang'ania mkono. Akaniambia hana tamaa kubwa. Anataka tu kuiona treni yake ikifika juu, kabla taa hazijazimwa.

Hapo inabidi nieleze. Baba alikuwa mpima ardhi. Ujanani alitumwa kutafuta njia ya reli nyembamba, ile ya treni ndogo zinazoweza kujipindapinda milimani, itoke mji wa chini hadi mji wa juu, ambako hadi leo watu hushusha mazao yao kwa punda na kwa migongo. Alikwenda na mwenzake mmoja, kijana aliyekuwa akivuta mnyororo wa kupimia, ndiyo maana mpaka uzee wake anaitwa Mnyororo. Walikula sahani moja, walilala hema moja. Ramani ilipokamilika, wakubwa waliwaita wote wawili, na Mnyororo akasema mbele yao kwamba kuna kona haiwezekani: ile inayozunguka pua ya mlima, karibu kabisa na juu. Wakubwa wakalifunga faili. Reli haikujengwa, hata kipande. Baba na Mnyororo hawakusemezana tena, ingawa wanakaa mji mmoja, na watu wakampa baba jina la Stesheni. Wapita njia humwomba tiketi. Yeye hucheka nao, mimi sikuwahi kucheka.

Basi nikapiga moyo konde. Reli ambayo serikali ilishindwa kuijenga mlimani, mimi nitaijenga sebuleni.

Mume wangu, Baba Pacha, ni fundi redio na mtu wa maneno machache. Nilipomweleza alisema nimerukwa na akili, akanywa chai yake mpaka mwisho, kisha akauliza mlima wenyewe utakuwa mkubwa kiasi gani. Nikajua nimempata. Tuliyatoa makochi tukayapanga barazani, tukaunga meza mbili, na sebule ikawa karakana. Shangazi alipokuja kutusalimu akakosa pa kukaa. Akasema amezoea kuona watu wakijenga nyumba mlimani, lakini mlima ndani ya nyumba ni mara ya kwanza. Nikamletea ndoo tupu ya gundi, nikaigeuza juu chini, nikamwambia akae hapo au anisaidie kukata.

Ramani ya baba haikuwa siri, ilikuwa ukutani miaka yote, imekuwa rangi ya chai. Ina ile mistari inayouzunguka mlima, kila mstari kimo chake, mmoja ndani ya mwingine. Baba akanieleza: kata kila mstari kuwa tabaka lake, panga tabaka juu ya tabaka, mlima utainuka wenyewe. Kwangu hilo lilikuwa ushonaji mtupu. Mtu anayeweza kukuza kielelezo cha gauni la mtoto likamtosha mama yake hashindwi na mlima. Nilikuza mistari ile kwenye karatasi kubwa, nikaihamishia kwenye maboksi kwa chaki, nikakata kwa mkasi wangu mkubwa juu ya meza yangu ya kukatia. Siku nzima nakata nguo za watu, jioni nakata mlima.

Baba Pacha alitengeneza kichwa cha treni kwa mota ya redio kaseti. Magurudumu tulichongewa na fundi wa karakana ya jirani, ambaye alidhani ni ya mashine ya kusaga pilipili na hatukumsahihisha. Reli ni waya, na mataruma, vile vijiti vinavyolala chini ya reli, tulipasua vijiti vya aiskrimu. Vidole vyangu viliungua kwa lehemu mpaka wateja wakaogopa kunipa hariri. Baba alikaa kwenye stuli yake akituelekeza, na kila siku stuli ilisogea karibu zaidi na meza. Niliiona ile stuli inavyosogea na moyo ukaniuma.

Jambo moja lilinishangaza kidogo. Kila nilipolaza reli mahali ramani iliposema, ilikaa ndani ya mlima, na nje yake kulibaki ukingo wa ardhi. Baba alipapasa ule ukingo, akafurahi, akasema ndivyo njia nzuri inavyotakiwa kukaa. Nami nani wa kubisha? Mpima ni yeye.

Siku ya kujaribu, mlima ukiwa bado maboksi matupu, tuliunganisha waya, Baba Pacha akawasha. Treni ikatoka mji wa chini na mabehewa yake mawili, ikanung'unika kama redio inayotafuta stesheni, ikaanza kupanda. Kona ya kwanza, ikapita. Ya pili, ikapita. Baba aliinama, jicho moja amelifumba, la pili karibu ligusane na reli. Ilipofika puani, pale alipokataliwa mbele ya wakubwa, nilishika meza kwa mikono miwili. Treni ikaizunguka pua polepole, na nafasi ikabaki. Ikaingia mji wa juu.

Baba alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata mama alipotutoka alijikaza. Alilia, akafuta uso kwa kofia yake, na neno lake la kwanza likawa kwamba aitwe Mnyororo aje aone. Aje Jumapili, tena aje na miwani.

Binti yake Mnyororo ni mteja wangu, kwa hiyo ujumbe ulifika bila taabu, na jibu likarudi siku ileile: mzee atakuja. Nikaona haifai mgeni akute maboksi. Mlima wa baba lazima uvae. Nikatoa kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye sare za shule, nikavitandaza vile vielelezo vyangu vya karatasi, nikakata vipande vya kitambaa tabaka kwa tabaka, ili nivibandike na kukunja pindo kwa ndani.

Nilipoweka kipande cha kwanza juu ya mlima, hakikuwa na pindo la kukunja. Kilikaa sawasawa na ukingo wa boksi. Nikaweka cha pili, vilevile. Cha tatu, vilevile. Nikasimama na kitambaa mkononi.

Kila mshonaji anajua hili. Hukati kamwe juu ya chaki. Unakata nje ya chaki, upana wa kidole, na hicho kidole ndicho kinacholiwa na mshono. Tunakiita akiba. Nguo isiyo na akiba humbana mtu hata kama umempima kwa uangalifu wote. Mkono wangu umefanya hivyo maisha yangu yote, hauniulizi ruhusa. Kitambaa cha kijani nilikikata na akiba yake, kwa hiyo kilitakiwa kuuzidi mlima kwa kidole. Kama hakikuuzidi, maana yake mlima nao niliukata na akiba. Kila tabaka. Kila upande. Nimeushonea mlima gauni la kupwaya, na ile nafasi iliyobaki puani ni yangu mimi, haikuwa ya Mungu aliyeuumba.

Nilimwita Baba Pacha nikamwonyesha. Akaangalia, akakuna kidevu, akashauri nikunje kitambaa na ninyamaze. Mzee ana furaha, macho yenyewe yanaondoka, nani atakuja na rula? Nami, niseme kweli, nilikaa na wazo hilo muda wote wa kupiga pasi magauni mawili. Lilikuwa wazo tamu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii ingekuwa fupi mpaka Jumapili tu. Mnyororo aliipima ile pua kwa miguu yake. Angeutazama mlima mara moja tu na kujua, na baba angeaibika mbele ya mtu yuleyule kwa mara ya pili, safari hii kwa mkono wa mwanawe. Na hata kama asingejua! Sijawahi kumkabidhi mtu nguo niliyoikosea kukata. Nianze na baba yangu?

Nikaenda kumwambia. Nilimweleza yote, akiba, kitambaa, kidole. Nilitarajia anifokee, ningefarijika. Badala yake aliomba nimpeleke mezani. Akaipapasa pua ya mlima kwa muda mrefu, kidole gumba upande huu, cha shahada upande ule.

"Kata," alisema.

Nikamwambia Jumapili imekaribia, na tukikata huenda treni isipite, na hatujui macho yatangoja mpaka lini.

"Heri kufa macho kuliko kufa moyo, mwanangu. Kata."

Tulikata. Kadibodi iliyokwisha kunywa gundi ni ngumu kama soli ya kiatu, mkasi wangu mkubwa ulipoteza makali yake hapo, na nilitukana maneno ambayo shangazi alijifanya hayasikii. Tabaka kwa tabaka tukaurudisha mlima kwenye chaki yake. Njia ilipokosa ukingo, tuliisogeza ndani ikakaa. Lakini puani hapakuwa na ndani. Ukiisogeza reli, kona inakuwa kali na treni inagoma. Ukiiacha nje, mataruma yananing'inia hewani nusu nzima. Nikaiacha mahali ramani iliposema, na Baba Pacha akawasha. Treni ikapanda vizuri, ikafika puani, ikainama, ikaanguka sakafuni na mabehewa yake. Baba hakuiona ikianguka. Aliisikia.

Akakaa kwenye stuli. Baadaye alisema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba kwenye karatasi reli ni mstari wa penseli, na mstari wa penseli hauna upana. Alikuwa kijana, akauchora mstari pale ulipoenea, akasahau kwamba treni ni pana kuliko penseli. Nilitaka kumtumia Mnyororo ujumbe kwamba baba anaumwa, asije. Baba akakataa katakata. Alimwita mtu aje aone, basi aje aone.

Jumapili Mnyororo akaja. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikakuta mzee mdogo kama mkoba, ana fimbo, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakatika. Nikamwamkia shikamoo Baba Mdogo kwa shingo upande. Akaitikia, akaingia, akauona mlima. Aliizunguka meza nzima, akitaja kwa midomo majina ya mabonde ambayo mimi nilikuwa nikiyajua kwa namba tu. Kisha akasimama mbele ya baba.

"Ulisema kweli," baba akamwambia. "Haipiti. Nimeijaribu."

Mnyororo akaegemea fimbo yake.

"Siku ile nilisema mambo mawili," alisema. "Wewe ulisikia moja, ukatoka nje ukapiga mlango."

Nikamtazama baba. Baba akatazama chini. Ikabidi mgeni mwenyewe anieleze, maana baba yangu alikuwa amepata kazi ya ghafla ya kuchunguza vidole vyake. Jambo la pili alilowaambia wakubwa ni kwamba kona haihitajiki. Treni iingie kwenye pua moja kwa moja, kwenye kipande cha reli kisicho na mwendelezo, isimame. Njia igeuzwe nyuma yake. Kisha irudi kinyumenyume kwenye reli nyingine inayopanda upande wa pili, kichwa kikisukuma kutoka nyuma, mpaka mji wa juu. Milima mingi duniani treni hupanda hivyo. Lakini baba hakutaka kusikia. Alikwisha sema kabla, mlimani, walipokuwa wakibishana hemani, kwamba treni yake haitaingia mjini matako mbele kama mtu anayeingia msalani kwa aibu. Wakubwa walipoona wapima wawili wanagombana na mmoja ametoka, walifunga faili, wakaenda kula.

Nilishikwa na hasira, nayo haikujua imshike nani. Kumbe ukaidi! Punda wa mji mzima wamebeba mizigo miaka yote hii kwa sababu ya matako ya treni! Niliwaambia hivyo hivyo, wote wawili, wakubwa zangu, na adabu nikaiweka pembeni. Nikawaambia sebule yangu haina makochi, mkasi wangu hauna makali, na vidole vyangu havina ngozi, kwa hiyo hakuna atakayetoka humu kupiga mlango. Nikampa kila mmoja kipande cha chaki ya kushonea.

"Nionyesheni pa kukata," nikasema.

Baba Mdogo akacheka kwanza. Baba akafuata, akicheka kama mtu anayekohoa. Wakainama juu ya mlima, vichwa vimegusana, wakaanza kubishana.

Walibishana majuma. Mnyororo alikuja kila siku kabla sijafungua cherehani, na kazi nyingine za wateja nilizifanya nikiwa nimewapa mgongo ili nisichome mtu sindano. Yule alikumbuka mwamba, huyu alikumbuka kijito. Wapi njia iinuke, wapi itulie, kipande cha puani kiwe kirefu kiasi gani ili treni nzima iingie. Baba Pacha aliunda kiungo cha kugeuzia njia kutoka kwenye swichi ya pasi mbovu, akakiunda mara tatu mpaka kikakubali. Mimi nilikata, safari hii juu ya chaki yenyewe, na kila mara mkono ulitaka kutoka nje nikaurudisha.

Na macho yalikuwa yakienda. Baba aliacha kuiona sahani yake isipokuwa akiitafuta. Alimwaga chai, akaanza kugonga fremu ya mlango. Aliniambia sasa anaona kama anayechungulia kwenye tundu la kifungo. Dawa sikumkosesha hata tone. Lakini nilijua tunashindana na nini, na kila mwisho wa wiki nilishona mavazi ya watu usiku ili mchana wake uwe wa mlima. Sikukubali atangulie gizani. Sikukubali kabisa.

Siku tulipofunga taruma la mwisho ilikuwa asubuhi, mwanga wa dirisha ukiwa mkali. Hatukungoja shangazi, hatukungoja mtu. Baba tulimkalisha kwenye stuli yake, kidevu usawa wa meza. Mnyororo akasimama nyuma yake. Baba Pacha akawasha.

Treni ikapanda. Baba aliifuata kwenye kona za mwanzo, akigeuza shingo taratibu. Ikaingia puani moja kwa moja, ikasimama mwisho wa reli, genge mbele yake. Njia ikageuka kwa mlio mdogo. Kisha ikaanza kurudi, mabehewa mbele, kichwa nyuma kikisukuma, ikapanda upande wa pili. Na hapo, ilipobadili mwelekeo ghafla, baba akaipoteza. Alitupa uso huku, akatupa kule, lile tundu lake dogo likipita juu ya mlima mtupu.

"Iko wapi?" akasema. "Jamani, iko wapi?"

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwelekeze, kulia, juu, kulia tena. Mnyororo alikuwa amekwisha angusha fimbo. Alimshika baba mashavu kwa mikono miwili kutoka nyuma, akakigeuza kile kichwa mpaka kikaipata treni, kisha akaenda nacho, polepole, kwa mwendo uleule wa treni, jinsi alivyokuwa akimshikia chombo cha kupimia zamani. Mabehewa mawili, kichwa kinasukuma. Daraja dogo. Ule mnyanyuko wa mwisho, ambapo mota ilinung'unika nikadhani itakufa. Haikufa.

Behewa la kwanza likaingia mji wa juu, likagusa kizuizi, likatulia. Baba Pacha akazima. Mimi nilikuwa nalia wala sijali nani ananiona.

"Imeingia matako mbele," baba alisema.

"Imeingia lakini," Mnyororo akamjibu.

Baba akatikisa kichwa kukubali, na kile kichwa kilitikisika ndani ya viganja vya mwenzake, kwa sababu Mnyororo alikuwa bado hajamwachia.